Mpishi Aliyeonja Chakula cha Kuku

Alizaliwa wapi sijui, na baba yake aliitwa nani sijui pia, ingawa tulikaa ua kwa ua kule Witeithie miaka mingi. Hakuwa mtu wa kuulizwa maswali kama yale ya karani wa kitambulisho. Tulimwita Mpishi. Watoto walimwita Cucu, yaani nyanya, lakini wakimtaja kwa wengine walisema Cucu Mpishi, isije ikadhaniwa ni bibi mwingine. Alikuwa amepikia shule moja ya bweni upande wa Thika, watoto mia sita, kwa sufuria ambazo mtu mzima angeweza kuogea ndani. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na blanketi. Saa aliitundika kwenye banda la kuku. Blanketi sijui lilienda wapi.

Ninaandika habari zake kwa sababu ndiye aliyenifanya nisimame mbele ya wakwe siku ya harusi ya Ciru, binti yangu wa pekee, bila hata paja moja la kuku, baada ya mimi kutangaza kwa mdomo wangu huu kwamba watakula kuku mia na ishirini. Nilimkasirikia kwa kweli. Siku hizi nikimkumbuka nacheka peke yangu mpaka Mama Ciru, mke wangu, ananiuliza ni nini nimemeza. Nitafika huko kwa harusi. Mimi shule niliiachia darasa la tatu, sikufundishwa kupanga mambo kwa mstari, kwa hivyo nitasema linalonijia na wewe utavumilia.

Kitu cha kwanza kila mtu alichokiona kwa Mpishi ni kwamba alionja chakula cha kuku. Simaanishi kunusa. Kuonja. Akinunua gunia la finisha, kile chakula cha kuku wa nyama wakikaribia kuuzwa, alilifungua palepale dukani, akachota kwa vidole vitatu, akaweka kwa ulimi na kufumba macho. Mwenye agroveti alizoea kuona haya kwa niaba yake.

"Mama, hiyo ni chakula ya kuku, si uji."

"Na wewe ushaionja?"

"Mimi si kuku!"

"Basi unauzaje kitu hujui? Haya mahindi yalinyeshewa. Leta gunia ingine."

Na mara nyingi alikuwa sawa. Ukivunja punje za lile gunia alilokataa ulikuta ukungu kidogo, ile rangi ya kijivu. Miaka yote ile ya shule alikuwa hapakui mpaka aonje yeye kwanza, watoto wakiwa wamepanga foleni na sahani, na sasa ulimi wake ulikataa kustaafu. Aliniambia hawezi kumpa kiumbe kitu ambacho yeye mwenyewe amekiogopa.

Juu ya chakula cha gunia aliongeza vitu vyake. Alikuwa na ndoo zenye vifuniko, zimepangwa kama ndoo za duka: kitunguu saumu kilichokaushwa na kutwangwa, tangawizi, manjano, majani ya moringa kutoka kwa mti wa pale uani, na thabai, ule mmea unaowasha ambao mama zetu waliutia kwenye mukimo wa viazi na mahindi ya kuponda. Thabai aliikata kando ya mto akiwa amevaa soksi za marehemu mume wake mikononi. Ukikutana naye asubuhi njiani, mzigo kichwani na soksi mikononi, ungedhani ametoroka mahali.

Alinieleza kazi ya kila ndoo mara nyingi, na nilielewa hivi. Saumu na tangawizi zinafanya tumbo la kuku litulie, na tumbo likitulia chakula kinageuka nyama badala ya kugeuka mavi. Moringa na thabai zinajenga mwili, ule wa ndani, wa kujikinga, ili baridi ikija imkute kuku ana askari wake. Manjano nayo inasaidia askari hao, na pia ngozi inapata rangi, mama wa hoteli anayenunua kuku wake anapenda rangi. Kama nimekosea mahali, kosa ni langu, si lake.

Sasa jambo la ajabu. Mtu huyu akipikia watu alikuwa anapima kwa jicho. Chumvi aliitupa kutoka mbali kama anapanda mtama. Lakini kwa kuku alitumia mizani, kamizani kadogo kama ka watu wa dhahabu, na akiwa anapima hungeruhusiwa kupiga chafya.

Nikamuuliza, "Mpishi, mbona watu unawakisia na kuku unawapimia?"

"Mtu ukimzidishia chumvi atakutukana, utajua. Kuku atanyamaza tu aache kula. Saumu ikizidi anakataa chakula, na wewe utaona amekonda ukidhani ni ugonjwa."

Mara moja nilimsaidia kutwanga pilipili. Ndiyo, pilipili pia aliwapa, ile kali ndogo. Nilitwanga vizuri, nikajisifu, kisha nikajipangusa jicho. Ngai! Nilizunguka lile banda nikilia kama mtu aliyefiwa, na kuku wakawa wanadonoa ile pilipili kama wanakula njugu.

"Baba Ciru, kuku hasikii pilipili," akasema, hata hakusimama. "Hiyo ulimi Mungu alimnyima. Wewe hakukunyima, pole."

Halafu akaja na maziwa baridi akanimwagia usoni. Mama Ciru alichungulia ua wakati huohuo, akaona bwana yake amekaa chini, maziwa yanamtiririka hadi shingoni, na jirani amesimama juu yake na kikombe.

"Mmeanza kubatizana?" akauliza. Akaenda zake kuanua nguo.

Mpishi alikuwa na maneno yake. Ulipompata kwa hali nzuri aliyatoa bure. Alisema kuku wa nyama ana maisha ya wiki sita, kwa hivyo ukipoteza siku moja umempotezea mwaka. Alisema mtu anayesifu kuku wake kabla hawajauzwa anamwita mwewe kwa simu. Lakini neno alilolirudia kuliko yote, hata nikawa naliota, ni hili: "Tangawizi ni ya mzima. Mgonjwa ni wa daktari."

Watu hawakulisikia. Walisikia tangawizi tu. Ilivuma kutoka kwetu hadi Kamenu kwamba kuna mama ana dawa ya miti ya kuku, na watu walikuja na chupa tupu za soda.

"Cucu, tupimie dawa."

"Sina dawa. Nina chakula."

"Basi ile chakula inatibu."

"Chakula haitibu. Wewe ugali ilikutibu malaria lini?"

Ukitaka kumuudhi, ita zile ndoo dawa. Na bado, mtu huyuhuyu wa majani na mizizi, kichwa kikimgonga kidogo tu alimeza vidonge viwili vya dukani na chai yenye vijiko sita vya sukari. Nikamwambia atafune tangawizi yake basi. Akaniangalia. "Mimi nina wiki sita za kuishi?" Na nyama ya kuku hakula kabisa. Aliwalisha, akawaimbia nyimbo za kanisa kwa sauti iliyopinda, akawauza bila kupepesa jicho, lakini yeye kwake ni maharagwe na kabeji. Sikuwahi kumwelewa hapo.

Sasa niseme kosa langu, kwa sababu nimecheka ya wengine.

Mwaka mmoja nilinunua vifaranga mia, nikitaka kuwa kama yeye. Alinikopesha mizani. Akanipangia siku za chanjo kwenye kalenda ya ukutani, Gumboro siku hii, mdondo siku ile, kwa sababu kwa chanjo alikuwa mkali kuliko daktari. Chanjo ya kuku, kama hujui, ni kitu hai, inawekwa kwa maji ya kunywa. Alileta yake kutoka Thika ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu, akaikumbatia njia yote kama mtoto mchanga. Maji ya mfereji aliyakataa kwa sababu ya dawa ya kusafishia maji, na yale aliyotumia aliyatia unga wa maziwa ili chanjo isiuawe. Haya yote nilimwona akifanya.

Siku ya chanjo yangu ya mdondo ilipofika nilifikiri hivi: chanjo ni nzuri, na maji ya saumu ni mazuri. Mazuri mawili yakiunganishwa si yatakuwa mazuri zaidi? Nikasaga saumu, nikachuja, nikamimina ndani ya ndoo ya chanjo. Nikakoroga. Nikamwita aje aone akili yangu.

Alinusa ile ndoo. Akaiweka chini.

"Baba Ciru. Saumu inaua vidudu, sivyo?"

"Ndiyo, Mpishi, wewe ndiye ulinifundisha."

"Na chanjo ni kidudu hai, sivyo?"

Hapo nikaanza kuiangalia ndoo yangu upya.

"Umemwalika mgeni," akasema, "na umemwalika muuaji wake, kwa kiti kimoja."

Alinitaka niende siku hiyohiyo Thika nikanunue chanjo nyingine. Nikasema nitaenda kesho. Kesho kukawa na matanga. Kesho kutwa nikasahau, ama nilijisahaulisha, sijui. Mdondo uliingia kwangu wiki ya nne nikabaki na kuku kumi na mmoja. Alikuja, akanisaidia kuchimba shimo, hakusema neno hata moja. Huyo mtu ambaye mdomo wake haukulala. Ningefurahi kama angenitukana.

Basi ndiyo maana Ciru alipopata mchumba, mtu wa Kandara, mpole, fundi wa stima, sikujaribu kufuga mwenyewe. Nilienda kwa Mpishi.

"Nataka kuku mia na ishirini, za Jumamosi ya harusi."

"Ciru anaolewa na nitakupa kuku za mtu mwingine?" akasema. "Huyo mtoto amekula kwa hii mikono tangu akiwa na meno mawili. Weka tarehe."

Mimi nikaenda Kandara kwa wakwe, na huko mdomo ukaniponza. Walikuwa wameketi wazee watatu, wametupa uji, na katika kusifiana nikasimama nikasema watakapokuja kwetu watakula kuku ambao hawajawahi kuonja dawa tangu kuzaliwa, kuku wa saumu na tangawizi, na kila meza itapata sahani yake. Mzee mmoja, baba mkubwa wa bwana harusi, mtu mwenye kofia na macho ya kuhesabu, akasema, "Tutakuja kuziona, mkwe." Umeshasikia neno lile la mwewe na simu. Mimi nilimpigia.

Ilikuwa Julai. Wanaojua Julai yetu wanajua, ukungu unakaa mpaka saa sita na jua linakuja kama mdaiwa. Kuku wa Ciru walikuwa wanene, wakitembea kama wazee wa kanisa. Jumapili, siku sita kabla ya harusi, nilipita uani nikasikia sauti ndani ya banda, kama watu wengi wanakoroma pole pole. Nikaingia. Mpishi alikuwa ameinama, sikio karibu na kuku.

"Wanakohoa," akasema.

"Si uwaongezee tangawizi?"

Akageuka akaniangalia kama hanijui.

Akapiga simu kwa daktari wa mifugo, naye daktari akaja jioni ile kwa pikipiki. Akashika, akasikiliza, akapasua mmoja aliyekuwa amekufa asubuhi. Akasema ni ugonjwa wa kifua, umeingia juzijuzi, na akitibu leo atawaokoa karibu wote. Kisha akatazama yale mapazia ya gunia, yameshushwa pande zote nne mpaka chini, na jiko la makaa ndani.

"Nani alifunga hii nyumba hivi?"

"Mimi," Mpishi akasema. "Niliwaonea huruma na hiyo baridi."

"Hewa imechafuka, Mama. Mavi, moshi, yote imewakaa kwa kifua."

Nikamwona akikaa chini kwenye debe. Miaka yote hiyo ya mizani, na alichokosea ni kuwafunika kama watoto wa chekechea. Akafungua mapazia mwenyewe, moja moja, na akasema, "Watie dawa, daktari."

"Nitatia. Lakini ujue hizi si za kuliwa Jumamosi. Siku kumi zipite baada ya dawa ya mwisho. Hiyo dawa lazima itoke kwa nyama."

Mimi ndipo nikaelewa. Nikasema, na ninakiri nilisema, "Daktari, tuwape saumu mpaka Jumamosi, wakishachinjwa si kikohozi kimeisha?"

Daktari akacheka kidogo, akidhani natania. Mpishi hakucheka.

"Nikiwaacha hivyo, nusu watakufa kabla ya Ijumaa, na nusu nitachinja kuku mgonjwa nimpe mgeni. Nikiwatia dawa nikachinja, nitampa mgeni dawa. Niambie wewe ni gani umpe mkweo."

"Nimeahidi, Mpishi!"

"Na mimi nimekuahidi kuku. Sikukuahidi hizi."

Akamwambia daktari aendelee. Mimi nikatoka, nikaufunga ule mlango wa mabati kwa nguvu mpaka saa ya shule ikaanguka. Sikulala vizuri wiki ile. Kununua kuku wengine mia na zaidi kwa siku tano, na harusi ilishameza kila kitu, hata baiskeli yangu, haikuwezekana. Tulikuwa na mbuzi wawili wa wazee, basi. Mama Ciru alijaribu kunituliza. Ciru mwenyewe alisema, "Baba, watu wanaolewa hata kwa chai." Sikutaka kusikia. Nilikuwa naona ile kofia ya Kandara.

Alhamisi nikaamka nikakuta moshi uani kwetu. Mpishi ameingiza mawe ya jiko, ameazima sufuria tatu kubwa kutoka shule yake ya zamani, na ameketi na wanawake sita wa kanisa wakichambua njahi, zile maharagwe nyeusi zetu za sherehe. Hakuniomba ruhusa, na hakunisalimia. Aliniambia tu, "Sogea, umesimama kwa kuni."

Jumamosi wageni wakaja. Nitaruka kanisa, kanisa ni kanisa. Tukaketi uwanjani chini ya hema, na chakula kikatoka, njahi, mukimo wa thabai, wali wa manjano, kabeji, chapati, na wale mbuzi wawili kwa wazee. Harufu ilikuwa imetangulia mbali, hata watu wa matanga ya jirani walikuwa wamegeuza viti. Lakini kuku hakuna. Baba mkubwa akafunua sahani moja, akafunua ya pili, akafunika. Akasimama na kofia yake.

"Mkwe," akasema, "sisi ni wageni, tutakula tulichopewa. Lakini masikio yangu yalisikia kuku. Ama nimezeeka?"

Nilisimama. Nilishika meza. Kabla sijafungua mdomo, Mpishi alikuwa amemnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti, aproni bado kiunoni.

"Hukuzeeka, mzee. Kuku ziko. Ni zile unasikia hapo ng'ambo ya ua. Zilikohoa Jumapili, tukazitia dawa, na nyama yake saa hii si ya mtu. Kosa ni langu, nilizifunika sana. Huyu baba wa msichana alitaka mle, mimi nikakataa. Sasa kama unataka kuku yenye dawa, enda ushike moja, kisu ni hiki. Kama hutaki, hiyo njahi ina saumu na tangawizi na manjano yote niliyokuwa nimewekea kuku zako. Wewe ndiye utakula badala yao."

Halafu yule mzee akaketi, akachota njahi kijiko kimoja. Akatafuna. Akachota cha pili. Akainua kichwa akasema kwa sauti ya kila meza kusikia, "Kumbe kuku za huku zinakula hivi? Nichukueni na mimi mnifuge!"

Hema lilipasuka kwa kicheko. Alirudia sahani mara tatu. Wanawake wa Kandara walienda nyuma kuuliza wali ulipikwaje. Harusi ile bado inazungumzwa, na hakuna anayetaja nyama.

Utasema basi nilifurahi. Sikufurahi. Mtu akiokolewa mbele ya watu na yule aliyemwangusha anabaki na hasira isiyo na pa kukaa. Nilikaa miezi minne bila kumsalimia Mpishi. Mama Ciru alienda kwake kila siku, na mimi nikajifanya sioni. Miezi hiyo minne ilipoisha nikaenda Kandara kumwona Ciru, na baba mkubwa akanipokea akiwa ameshika mkono wangu kwa mikono miwili.

"Zile kuku zilikuwa tamu sana, mkwe. Hatujawahi kuona harusi inawafuata wageni nyumbani."

"Kuku gani?"

Akaniangalia, akaona kweli sijui. Kumbe zile siku kumi zilipopita, daktari alipoangalia kuku akasema wamepona na ni safi, Mpishi alikodi pikapu, akapakia kuku themanini, akaenda nazo Kandara peke yake akiuliza njia. Alisema ametumwa na baba wa bibi harusi. Alisema mimi ndiye nilimtuma! Wakachinja, wakaita kijiji, na jina langu likaimbwa.

Nilirudi Witeithie siku ileile. Nikapita ua bila kubisha. Alikuwa anapima manjano.

"Usipige chafya," akasema.

Tukaendelea kutoka hapo kana kwamba ilikuwa jana.

Miaka imepita. Magoti yalimshinda, na mwanawe akamchukua Ruiru, ghorofa ya tatu. Banda likavunjwa, na pale pamejengwa vyumba vya kukodisha. Nilichelewa kwenda kumwona, kwa sababu nilidhani nitamkuta ameketi dirishani akihesabu magari, na sikutaka kumwona hivyo. Mwezi uliopita Mama Ciru alinivuta kwa shati tukaenda.

Tulipanda ngazi pole pole, na kabla hatujafika mlangoni tulisikia sauti yake. "Wewe wa Gatundu, punguza hiyo saumu! Wewe wa Juja, nimekwambia majani yakaushwe kwa kivuli, si jua!" Alikuwa peke yake sebuleni, amenenepa kidogo, simu kubwa mkononi, akiirushia maneno kama anawaita watoto kutoka uwanjani. Wafugaji wamemweka kwenye kundi lao la simu. Wengi hawajawahi kumwona uso. Wanamtumia sauti za kuku wao wakilia, na yeye anasikiliza.

Alitukumbatia, akatuandalia chai. Nilipoweka kikombe chini nikamuuliza jambo ambalo nilikuwa nimelibeba muda wote huo.

"Mpishi, ile wiki ya harusi. Hukutamani hata kidogo kunyamaza?"

Alifikiri, akikoroga sukari yake.

"Ijumaa nilichinja wawili," akasema. "Alfajiri, kabla hamjaamka. Nikakaanga. Rangi nzuri, harufu nzuri, hungejua kitu. Nikaziweka mezani nikaziangalia mpaka zikapoa. Nikasema, Ciru atakula hii, na hatajua, na ataniambia asante. Hiyo asante ndiyo ilinishinda. Nikachimba shimo."

Mama Ciru alimshika mkono. Mimi nilikuwa namwongezea chai, simu yake ikaita. Mpishi akaiweka ili wote tusikie. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ana haraka.

"Cucu, ni mimi wa kule karibu na Kimbo. Kuku zangu zimeanza kukohoa leo asubuhi. Na mwenye hoteli anakuja kuzichukua kesho. Niwape saumu kiasi gani wafike tu kesho?"

"Hakuna kiasi. Ita daktari. Halafu umpigie mwenye hoteli."

"Lakini Cucu, nimeahidi! Nitamwambia nini? Atanionaje?"

Mpishi aliniangalia. Nikaona macho yake yanacheka. Akaninyooshea simu.

"Kuna mzee hapa aliwahi kuahidi," akamwambia. "Muulize kama alikufa."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikaketi vizuri, nikakohoa kidogo kusafisha koo.

"Kijana," nikasema, "sikiza. Mimi shule niliiachia darasa la tatu, lakini nina binti, anaitwa Ciru, na Ciru alipata mchumba, mtu wa Kandara, fundi wa stima, mpole sana, na huko Kandara kulikuwa na mzee mmoja mwenye kofia—"

"Fupisha, Baba Ciru!" Mpishi akanipokonya simu. "Kuku wanakohoa!"